Kifua chetu si karatasi ya fotokopi

Lubumbashi

Wakaaji wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi, wababa na wamama, na zaidi nyinyi vijana wenzetu munaozunguka muji toka asubuhi na bahasha ya diploma chini ya kwapa,

Leo hatuandiki juu ya maji wala juu ya barabara. Tunaandika juu ya radio. Si ile ya kusikiliza habari. Ile ya hopitali, ile wanakuambia "vua shati, simama pale, vuta pumuzi, usipumue", mashini inalia kidogo, kisha unalipa na unatoka na picha ya mifupa yako. Watu watasema: vijana hawa wamekosa cha kusema, sasa wameingia mu mambo ya wanganga. Musome kwanza mupaka mwisho.

Mumoja wetu, mwenye lisansi na hana kazi sawa vile wengi wetu, aliomba kazi katika kompani tatu mwaka uliopita. Kazi yenyewe ni kuandika stoki katika biro: kompyuta, kiti, feni kama bahati iko. Kila kompani ilimutuma ku kliniki yake yenyewe, kwa dokta wake yenyewe, ili apate karatasi ya kusema yuko na afya. Kila kliniki ilimupiga radio ya kifua. Kati ya ile ya pili na ile ya tatu zilipita siku 11. Mara ya tatu alifika na klisi mukononi. Akasema: "Papa, hii iko ya juzi, angalia tu." Wakamujibu: "Hapa tunakubali paka yetu." Akalipa feza ya kukopa kwa yaya yake. Akavua shati. Kazi hakupata, hata moja.

Tuseme ukweli wote, hata ule ambao hautusaidii. Radio moja ya kifua iliyopigwa vizuri ni kitu kidogo. Mionzi inayoingia mu mwili inapimwa kwa kipimo kinachoitwa milisiverti. Radio ya kifua ya upande mumoja inatoa karibu milisiverti 0.02. Mutu anayekaa nyumbani kwake mwaka muzima bila kuona hopitali anapata karibu milisiverti 2.4 kutoka udongo, hewa, chakula na anga. Hiyo ni wastani wa dunia. Kwa hiyo radio moja ya kifua ni kama siku tatu za kuishi tu. Ndugu yetu hatakufa juu ya radio zake tatu, na yeyote anayekuambia vile anakudanganya.

Lakini skanere ni habari ingine. Skanere ya kichwa ni karibu milisiverti 2, ni kusema radio 100 za kifua. Skanere ya tumbo ni karibu 8, ni kusema radio 400. Na wakikupiga bila dawa, kisha wakupige tena na dawa ya mushipa, hesabu inakuwa karibu mara mbili. Nani alikuambia? Wengi wetu tulikuwa tunazani skanere ni radio ya watajiri, kitu kilekile lakini cha bei.

Duniani pote kanuni ya kumulinda mugonjwa iko na miguu miwili, na haiombi mutu awe amesoma fizika. Usipige bila sababu inayomusaidia yule anayepigwa. Ukipiga, tumia mionzi inayotosha kuona kile unatafuta, usipitishe. Mufanyakazi wa mionzi yeye ana mupaka: milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Mugonjwa hana mupaka wowote. Na hana kwa makusudi, juu mutu anayekufa huwezi kumuambia "dozi yako imeisha, rudi nyumbani". Njo maana ile miguu miwili ndiyo inamubeba peke yake. Ukiikata, amebaki mbele ya mashini bila shati na bila ulinzi.

Sasa tuulize: radio ya kuomba kazi, wakati klisi ya siku 11 iko pale mezani, inamusaidia nani? Kwa mutu anayeenda kushuka mu mugodi, mahali pa vumbi, radio ya kuanzia ina maana, juu miaka inayokuja dokta atalinganisha mapafu yake ya leo na ya kesho. Tunakubali. Lakini karani wa stoki? Radio ile inajaza sanduku ya feza ya kliniki, basi. Vijana wasio na kazi wamekuwa soko. Wanatuuzia matumaini kwa bei ya klisi.

Na hii ya kazi ni ile nyepesi. Kuko ingine iliyotufanya tukae chini kuandika.

Dada ya mumoja wetu alipeleka mutoto wake wa miaka miwili ku hopitali: homa, kikohozi, pumuzi ya haraka. Dokta akaandika radio. Hapo hakuna ubaya, mutoto alikuwa anaumwa kweli. Chumba cha radio kina mulango usiofunga, wanauegemeza na jiwe, na benchi ya kungojea iko pale pale. Fundi akamuambia: "Mama, mushike mikono juu, asisogee." Tabuliye ya risasi ilikuwa inaning'inia ku musumari, na vumbi yake. Hakuna aliyempa. Hakuna aliyemuuliza neno moja ambalo kila mwanamuke wa umri ule anapaswa kuulizwa mu chumba kile: "Mama, uko na mimba?" Alikuwa nayo, miezi mitatu.

Picha ya kwanza mutoto alisogea. Ya pili, delestaji: umeme ulikatika kompyuta ikiwa haijaweka picha. (Tulisema hatuandiki juu ya maji na barabara, umeme hatukuahidi.) Ya tatu ikatoka. Ile klisi tuko nayo. Walitafuta mapafu ya mutoto, lakini picha inaanza ku kidevu na inaishia ku magoti. Na pembeni, unaona vizuri kabisa vidole vitano vya mama yake, na pete.

Mwezi wa 12 mwaka 1895, Mujerumani Röntgen, yule aliyegundua miale hii, alipiga picha ya mukono wa bibi yake, na pete ilionekana ku kidole. Picha ile ilizunguka dunia. Wakati ule hakuna aliyejua hatari. Clarence Dally, aliyekuwa anafanya kazi na Edison kule Marekani, alijaribisha miale ile ku mikono yake mwenyewe. Ikachomeka, wakamukata mikono, na mwaka 1904 akafa. Toka pale watu walijifunza. Sasa ni zaidi ya miaka 100, na mu muji wetu bado tunapiga picha za mikono yenye pete.

Ya mubaya zaidi ilikuja nyuma. Dada alirudi pale akiogopa, akasema yuko na mimba. Mufanyakazi mumoja, bila kuhesabu kitu, bila kuuliza mukubwa wake, akamuambia: "Kama unaogopa, utoe tu, ingali mapema." Utoe tu! Alikaa wiki tatu bila usingizi. Bwana yake hakujua aseme nini. Ni mwenzetu mumoja aliyesoma fizika, naye yuko nyumbani bila kazi, aliyechukua karatasi na kalamu. Mionzi iliyomufikia mama mu tumbo katika kazi ile ni ile inayoruka kutoka kwa mwili wa mutoto, na radio ya mutoto mudogo inatumia nguvu ndogo: ni sehemu ndogo sana ya miligrei moja. Komisio ya kimataifa ya kujikinga na mionzi, CIPR, iliandika toka mwaka 2000 kwamba chini ya miligrei 100 mu tumbo, mionzi si sababu ya kutoa mimba. Tulienda na dada kwa munganga mwingine, akasema vilevile. Mutoto alizaliwa. Yuko muzima, analia usiku sawa watoto wote.

Muone vizuri ginsi mambo iko. Walimupa mionzi asiyopashwa kupata, kisha wakamupa woga asiyopashwa kupata. Vyote viwili vinatoka mu chungu kimoja: mutu anayebonyeza mashini na hajui inatoa nini.

Kuko wanaosema: "Nyinyi munaogopesha watu. Wagonjwa watakimbia hopitali." Hapana. Tunawaambia wazi: dokta akiona kuko haja ya radio ya kifua juu ya kifua kikuu, uende, leo, usingoje. Mutu amegongwa na motari, kichwa kimeumia, amepoteza fahamu, anatapika: skanere, mbio. Kukataa pale ni kujiua. Lakini mutoto aliyeanguka ku ngazi, analia, anacheza, anakula, hajatapika, anajibu jina lake? Mwaka 2009 wanganga wa Marekani walitoa uchunguzi wa watoto zaidi ya 42,000 walioumia kichwa, wakapata alama za kumuonesha dokta ni mutoto gani anaweza kuangaliwa tu masaa machache bila skanere. Alama zile hazihitaji mashini. Zinahitaji dokta anayekaa na mutoto. Na mutoto njo wa kulinda kupita wote, juu mwili wake ungali unajengwa na ana miaka mingi mbele ya ugonjwa kujitokeza. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2012, juu ya vijana na watoto karibu 180,000 waliopita mu skanere, ulionesha hatari ya kansa ya damu na ya ubongo inapanda pamoja na dozi. Inapanda kidogo: waliandika kwamba kwa watoto 10,000 walio chini ya miaka 10, skanere moja ya kichwa inaweza kuongeza mugonjwa mumoja wa kansa ya damu na mumoja wa ubongo mu miaka 10 inayofuata. Kidogo, ndiyo. Lakini kama skanere ilikuwa ya bure, bila sababu, yule mumoja ni wa nani? Nani atamuelezea mama yake?

Wengine, na hawa wanatuuzi zaidi, wanasema: "Hapa si Ulaya. Mashini yenyewe ni ya zamani, tushukuru iko." Kumbe, umaskini umekuwa blanketi ya kufunikia kila kitu. Muangalie nini inaweza kufanyika bila hata franga moja.

Kila mashini ya radio iko na taa. Taa ile inachora mraba ku mwili, inaonesha mionzi itapita wapi. Fundi anazungusha vifungo viwili, mraba unakuwa mudogo, mionzi inapita paka pale inapotakiwa. Na picha inakuwa safi zaidi, juu mionzi inayorukaruka na kuchafua picha inapunguka. Bei yake: sekunde kumi. Kidevu mupaka magoti ni uvivu, si umaskini.

Kumushika mutoto: kwanza mutafute mutu asiye na mimba, mumuvike tabuliye. Anayengojea asogee mbali. Ukitoka metre moja ukafika metre mbili, mionzi inabaki robo, si nusu. Ile benchi ihamishwe tu, vijana wawili wanaibeba.

Kwa mutoto mudogo, nguvu ya mashini inapunguzwa, na ile gridi inayowekwa mbele ya kaseti kwa watu wanene inatolewa, maana ukiiacha unalazimika kupiga mionzi mara mbili na zaidi. Ku ukuta kuwe karatasi: kilo hizi, namba hizi. Karatasi moja na kalamu.

Na kuko mutego mupya ambao tuliusikia kwa mwenzetu aliyesomea picha za hopitali. Zamani, mu klisi ya maji ya dawa, fundi akizidisha mionzi picha inatoka nyeusi, aibu yake inaonekana. Leo kompyuta inarekebisha yenyewe. Ukipiga kidogo, picha ina chembechembe na dokta anagomba. Ukipiga mingi, picha ni nzuri, dokta anasema asante. Basi kila mwezi fundi anapandisha kidogo, bila ubaya wa moyo, na hakuna anayeona. Namba ya kumushitaki iko pale ku ekra, pembeni ya picha, lakini nani anaisoma?

Na musizani watajiri wamepona. Hopitali kubwa ya Los Angeles, Cedars-Sinai, ilitoa dozi mara nane ya kawaida kwa wagonjwa zaidi ya 200 mu skanere ya ubongo, kwa miezi 18. Mashini ya kisasa kabisa. Mambo ilijulikana mwaka 2009, juu nywele za mugonjwa zilianza kuanguka. Feza ilikuwako. Macho ya kuangalia namba njo ilikosekana. Sisi macho tuko nayo, yamekaa nyumbani na diploma.

Hata ile habari ya tabuliye muijue vizuri, musije mukadanganywa na kliniki inayoonesha tabuliye kama medali. Kumufunika mugonjwa mwenyewe sehemu za uzazi, wataalamu wa fizika ya hopitali wa Marekani walisema mwaka 2019 isiwe tena desturi ya kila siku, juu inaweza kuziba kile dokta anataka kuona, au kudanganya mashini ipandishe dozi, na faida yake ni ndogo. Tabuliye ni ya yule anayeshika. Mugonjwa analindwa na ule mraba wa taa, na sababu nzuri, na kutorudia.

Sheria? Iko. Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, juu ya kujikinga na hatari za mionzi. Komite ya taifa iko, CNPRI, yenye kazi ya kutoa ruhusa na kufanya kontroli. Katiba, artikle ya 47, inahakikisha haki ya afya. Artikle ya 24, haki ya kupata habari. Karatasi zote ziko. Lakini tulipouliza pale pa yule dada karatasi ya ruhusa ya mashini iko wapi, tuliambiwa: "Muulize patro." Patro yuko wapi? "Yuko mu safari." Kontroli kutoka Kinshasa mupaka Lubumbashi ni safari ya ndege, na sisi tunajua ndege ya Serikali inakuja mbio kwa ajili ya nini.

Na hii inatuuma zaidi sisi wa Katanga. Shinkolobwe iko hapa, karibu na Likasi, watu wa Likasi wanajua njia. Toka mwaka 1922 Union Minière ilikuwa inachukua mawe yetu, inapeleka Olen kule Ubelgiji, inatoa radiyumu, na radiyumu ile ilitibu kansa mu hopitali za Ulaya. Kisha urani ya Shinkolobwe iliingia mu bomu ya Hiroshima, tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945. Mwaka 1959 reakta ya kwanza ya Afrika iliwaka Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Ni sisi tuliofundisha dunia mionzi, kwa udongo wetu na mikono ya wababu wetu. Na leo, mu muji huu, fundi hana hata kile kifaa kidogo cha kuvaa ku kifua kinachopima amepata kiasi gani. Maana tusiwasahau: yule fundi anayetupiga vibaya anakaa mu chumba kile siku nzima, mulango wazi. Tunagombana na patro wake, si na yeye.

ISTM inatoa kila mwaka vijana waliosomea picha za hopitali. Chuo kikuu kinatoa wa fizika. Wengi wanauza unite na mitumba. Na mu kliniki, mashini inabonyezwa na mupwa wa patro, aliyefundishwa siku mbili. Ukisema hii ni wivu wa wasio na kazi, sawa, wivu uko pia. Lakini angalia klisi yenye vidole vitano kisha uniambie.

Tunaandikia Minisita wa afya wa jimbo, na barua tutaiweka hapa hapa muisome. Tunaomba ruhusa ya mashini itundikwe ku mulango wa kila chumba cha radio, pamoja na jina na diploma ya anayeibonyeza. Dozi ya kila skanere iandikwe mu karatasi ya mugonjwa, namba ile mashini inaitoa yenyewe. Klisi ikiharibika juu ya umeme au juu ya fundi, mugonjwa asilipe ya pili. Na kompani zinazoajiri zikubali klisi ya miezi ya karibuni, ama zitoe sababu ya dokta kwa maandishi.

Na nyinyi musingoje barua ijibiwe. Klisi ni yenu, mulilipa. Mutoke nayo, muitunze kavu, muilete mara ingine. Mukiambiwa radio au skanere, muulize kwa heshima: "Dokta, inatafuta nini? Eko haiwezi kuonesha?" Eko haina mionzi kabisa, na kwa mambo mingi ya tumbo na ya watoto inatosha. Dada zetu, museme mimba mbele ya kuulizwa, hata kama ni kuzania tu. Mukiombwa kushika mutoto, museme: "Nipe tabuliye kwanza." Mara ya kwanza watawacheka.

Juma mosi hii, saa tatu ya asubuhi, tunakutana mahali petu pa siku zote. Kila mutu alete klisi zake za zamani, na wale waliopigwa kwa ajili ya kuomba kazi walete risiti pia. Tutazipanga mezani kwa tarehe, majina tutayafunika, wenzetu wa fizika na wa picha watakuwa pale kuwaelezea bure. Ile yenye pete itakuwa ya kwanza. Dada amekubali.